Msimsumbue chatu anayetaga

Mnaofuga wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, nawasihi mumwache jike atulie. Akishajivua gamba kabla ya kutaga, mayai hutoka baada ya kama mwezi mmoja. Wengi hukataa kula kipindi hicho, na si ugonjwa. Muwekeeni maji safi, joto upande mmoja wa kizimba, na sanduku la giza lenye matandiko yenye unyevu kidogo.

Akimaliza kutaga hujizungusha kuyaatamia, na kwa kufanya hivyo huyakinga yasikauke. Mkiamua kuyahamishia kwenye kiatamizi, joto liwe nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, na msiyageuze kama ya kuku! Kijusi hujishikiza ndani ya yai, kwa hiyo kuligeuza kunaweza kukiua. Tieni alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulinyanyua. Yaliyogandana yaacheni hivyo hivyo. Kuanguliwa huchukua kama miezi miwili.

Kinachonitia hofu hasa ni jike anayetaga mawili matatu kisha akakwama, tumbo bado limejaa. Wapo wanaoshauri akamuliwe kwa vidole. Jamani, msithubutu! Yai likipasukia ndani, mnaweza kumpoteza. Mpelekeni haraka kwa daktari wa wanyama aliyezoea kutibu nyoka, hata kama yuko mbali. Na akipona, mwanzieni panya mdogo, kwani atakuwa amekonda sana.