Uzamili wa likizo: mwalimu wa Pwani anasomea nini?

Kila shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Novemba, wako walimu wetu ambao likizo kwao ni jina tu. Wenzao wakipumzika, wao hubeba mabegi kwenda kusomea shahada ya uzamili ya elimu. Karo inatoka kwenye mshahara uleule unaolisha watoto na wazee. Mimi masomo yangu yaliishia diploma, na walimu hawa nawavulia kofia. Lakini kuna swali sharti tuwaulize mapema: shahada hiyo ni ya nini?

Wengi watakujibu: cheo. Hapo ndipo penye tatizo. Zamani mwalimu akiongeza cheti alitarajia kupanda daraja. Tangu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ianze kutumia mwongozo mpya wa kupandisha vyeo, ulioambatana na makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, cheti peke yake hakitoshi. Nafasi hutangazwa, mwalimu huomba, kisha huitwa kwenye mahojiano akashindana na wenzake. Anayekopa kwa kutegemea nyongeza ya mshahara anaweza kumaliza shahada na deni likabaki palepale. Na kwetu sisi Waislamu, mkopo wa riba ni mzigo wa dunia na akhera. Heri mtu asome pole pole kwa anachokiweka, au atafute benki yenye huduma za kisharia, kuliko kujitia kitanzi.

Faida ambayo haingoji mahojiano ni ile ya darasani. Uzamili unamdai mwalimu afanye utafiti, na Pwani ina maswali tele yanayongoja mtu wa kuyachunguza. Mtoto wa Kizingitini anaingia darasa la kwanza na Kibajuni chake. Anakutana vipi na Kiswahili sanifu cha kitabuni? Mtoto anayetoka shule akaenda madrasa hadi magharibi, anajifunza nini huku kinachomfaa kule? Tangu Gredi ya 7 ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, shule isiyo na maabara inafundishaje sayansi? Maswali haya mwalimu wetu anayaona kila siku. Ni hasara aende chuoni kisha aandike mada iliyokwisha andikwa mara mia, kwa kuwa ndiyo nyepesi kupita.

Vyuo navyo vina deni. Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013, na kuwapo kwake Kilifi kumetupunguzia safari ya Nairobi. Hata hivyo, mwalimu wa Faza bado anapanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Garsen na Malindi, ndipo afike. Kwa mama mwenye mtoto anayenyonya, safari hiyo pekee yatosha kumkatisha tamaa. Masomo ya mtandaoni yangemfaa, mradi vyuo vifungue vituo vya mitihani Lamu na Hola, na ratiba iangalie Ramadhani inaposadifu likizo.

Nakuomba basi, mwalimu, kabla hujalipa shilingi ya kwanza, uliza mambo matatu. Je, chuo na kozi hiyo vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Nani atakusimamia, na ana wanafunzi wangapi mkononi? Hili usilipuuze, kwani wengi ninaowajua walimaliza masomo ya darasani vizuri, wakakwama kwenye tasnifu miaka na miaka. La tatu jiulize mwenyewe: cheo kisipokuja, shule yangu itapata nini?

Ukiwa na jibu la hilo la tatu, nenda kasome. Na ukimaliza, nakala ya tasnifu yako ipeleke kwa mwalimu mkuu na wazazi wa shule uliyoichunguza, isibaki kwenye rafu ya chuo pekee.