Kupanga Kwanza, Kubana Baadaye

Chukua maneno matatu: anasoma, anasomea, anasomesha. Jumla ni herufi 25. Yakishapangwa kialfabeti, kila neno laweza kumwegemea jirani yake wa juu. La kwanza huandikwa zima. La pili huwa “6, ea”, kwa kuwa herufi sita za mwanzo tunazo tayari. La tatu huwa “7, sha”. Zimebaki herufi 12 na tarakimu mbili, wala hakuna kilichopotea.

Toleo hili linahusu namna faharasa za hifadhidata zinavyobana vidahizo vyake diskini. Wapo watakaouliza: diski zimeshuka bei, baiti chache zatusumbulia nini? Jibu ni kwamba nafasi ni faida ndogo tu. Tangu Rudolf Bayer na Edward McCreight walipochapisha makala yao ya mti-B mwaka 1972, faharasa za aina hii husomwa ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa PostgreSQL kwa kawaida una baiti 8,192. Kidahizo kikila baiti 40, ukurasa hubeba takriban vidahizo 200, na ngazi tatu za mti hufikia milioni 8. Kikila baiti 20, hubeba takriban 400, na ngazi zile zile tatu hufikia milioni 64. Ukubwa umepungua nusu, upeo umekua mara nane, na safari za kwenda diskini hazikuongezeka.

Gharama ipo. “7, sha” peke yake haisomeki. Lazima urudi hadi kwenye neno zima lililo juu yake. Kwa sababu hiyo LevelDB, isipoelekezwa vingine, huandika ufunguo mzima mmoja katika kila funguo 16. PostgreSQL 13, iliyotoka mwaka 2020, ina njia yake kwa thamani zinazojirudia: huiandika thamani mara moja, kisha hufuatisha orodha ya anwani za safu zake.

Msimamo wetu ni huu: faharasa hubanwa na mpangilio kabla ya kubanwa na hesabu. Vitambulisho vya nasibu, hata vikipangwa, majirani wake hushirikiana herufi chache mno. Maneno yetu, yanayotanguliza viambishi vya nafsi na njeo, hushirikiana nyingi. Anayechagua ufunguo wa jedwali ndiye anayeamua kitakachobanika. Kabla hujaomba diski kubwa zaidi, utazame kwanza ufunguo wako.