Noti mpya zilivyomwumiza mchuuzi wa Lagos

Serikali ina haki ya kubadili noti zake, lakini haina budi kumfikiria kwanza mchuuzi anayeishi kwa fedha taslimu. Yaliyowapata wafanyabiashara wadogo wa jiji la Lagos, Nigeria, mwanzoni mwa mwaka 2023 ni fundisho tosha.

Oktoba 2022, Benki Kuu ya nchi hiyo ilitangaza noti mpya za naira 200, 500 na 1,000. Za zamani zilipewa hadi Januari 31, 2023, kisha zikaongezewa siku 10 tu. Lengo lilikuwa zuri: kurudisha benki fedha zilizofichwa majumbani na kupambana na noti bandia. Kasoro ni kwamba za zamani zilikusanywa haraka, mpya zikatolewa kidogo kidogo.

Katika soko la Mile 12, linalopokea nyanya na pilipili kutoka kaskazini, wateja walikosa noti mkononi. Malipo ya benki kwa simu nayo yalielemewa na kukwama. Mwenye duka la nguo aliweza kusubiri wiki nzima, nyanya haisubiri. Mchuuzi aliuza kwa bei ya kutupa, na hasara ikamrudia mkulima shambani.

Machi 3, 2023, Mahakama ya Juu iliamuru noti za zamani zitumike hadi mwisho wa mwaka huo. Hata hivyo, hukumu hairudishi mtaji ulioozea sokoni.

Njia sahihi ni moja: noti mpya zimfikie mchuuzi kwanza, ndipo za zamani ziondolewe.