Mlinzi anapompiga mwenye nyumba

Jumapili ya leo naomba nianze kwa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja. Ibada ikiisha tulitoka tukiimba, tukapanga mstari nje, kila mmoja akampa mwenzake mkono mpaka mwisho wa mstari. Kwenye kwaya alikuwapo dada mmoja ambaye sauti ya pili yote ilimtegemea. Viwikoni na magotini, na baadaye mikononi na pembezoni mwa nywele, alitokwa na mabaka makavu yenye magamba meupe. Wakati wa mahubiri alijikuna, na magamba yakaanguka kwenye benchi. Watu waliona.

Jumapili moja mstari uliponifikisha mbele yake, niliishika Biblia yangu kwa mikono miwili, nikamwinamia kichwa na kutabasamu. Sikumtukana wala sikumfukuza. Niliuficha mkono wangu tu. Walionifuata kwenye mstari waliona mzee alivyofanya, nao wakafanya vivyo hivyo. Wiki chache baadaye mtu alipendekeza dada yule atengewe kikombe chake kwenye meza ya Bwana. Hakuna aliyepinga, nami nikiwamo. Kabla mwaka haujaisha, nafasi yake kwenye kwaya ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine.

Jina la ugonjwa wake nilikuja kulisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na nitakueleza mwishoni tulivyokutana. Unaitwa soriasisi. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, na niliyojifunza yamenihukumu kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia.

Mungu ameuwekea mwili walinzi. Ni chembe nyeupe za damu. Wengine huzunguka katika damu, na wengine huishi ndani ya ngozi yenyewe, kwa sababu ngozi ndiyo ukuta wa nyumba. Mwiba ukikuchoma na vijidudu vikapenya, walinzi waliopo pale hutoa ishara za kemikali, kama sungusungu anayepiga filimbi usiku. Mishipa midogo ya damu hutanuka, walinzi wengine hukimbilia pale, na mahali pale huvimba, hupata moto na kuuma. Adui akishindwa, filimbi hunyamaza na kidonda hufunga. Kuvimba kule unakokulalamikia ndiko kunakokuponya.

Katika soriasisi filimbi hupigwa na mwizi hayupo. Walinzi wanaoitwa seli T hukusanyika kwenye ngozi isiyo na adui na kumwaga ishara zao, ambazo wataalamu huziita saitokini. Ngozi ikipokea ishara hizo hudhani imejeruhiwa, ikaanza kujijenga kwa pupa. Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua karibu mwezi mmoja tangu inapozaliwa chini mpaka inapopukutika juu. Katika soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache tu. Seli hufika juu zikiwa changa na kurundikana, na hayo ndiyo magamba meupe. Kisha ngozi hiyo iliyoharakishwa nayo hupiga filimbi na kuwaita walinzi zaidi. Kwa hiyo moto hujichochea wenyewe.

Madaktari nao walichelewa kulijua jambo hili. Kwa muda mrefu walidhani kosa liko kwenye ngozi. Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba wagonjwa waliopewa saiklosporini, dawa inayozuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, walipata nafuu ya soriasisi. Dawa ile huwatuliza walinzi. Hapo ndipo macho yalipoanza kugeuka kutoka ukutani kwenda kwa mlinzi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye uzito wa barua yangu ya leo. Ugonjwa ambao chanzo chake ni walinzi wa mtu mwenyewe hauna kitu cha kukuambukiza. Huupati kwa kushikana mikono, kwa benchi, kwa joho la kwaya wala kwa kikombe. Ndivyo ilivyo pia kwa pumu ya ngozi tunayoiona kwa watoto wengi, ambapo ukuta wa ngozi ni dhaifu na walinzi hushtukia vitu vidogo kama vumbi na sabuni. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, na taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2016 ilisema watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nao. Bila shaka baadhi yao wamo katika sharika zetu, wamevaa mikono mirefu wakati wa joto.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi fulani, kisha huamshwa na mambo kama maambukizi ya koo, mikwaruzo, sigara, pombe, baadhi ya dawa, na msongo wa mawazo. Nilipofika kwenye neno hilo la mwisho niliweka kitabu chini. Tulimwona dada anaungua, na sisi tuliosema tunamwombea tulikuwa tunaongeza kuni.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: je, Maandiko hayakuagiza wenye magonjwa ya ngozi watengwe? Fungua Mambo ya Walawi sura ya 13 usome polepole. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kuwa ukoma lilibeba mambo mengi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Kuhani hakuruhusiwa kuhukumu kwa jicho moja la haraka. Penye shaka alitazama, akangoja siku 7, akatazama tena. Na katika aya ya 12 na ya 13 kuna jambo linalotushangaza: mtu ambaye ugonjwa umemfunika mwili mzima hata akawa mweupe wote, huyo alitangazwa kuwa safi. Kazi ya kuhani ilikuwa kutofautisha, si kuogopa.

Tulioshindwa kutofautisha ni sisi wa baadaye. Kwa karne nyingi huko Ulaya wenye soriasisi walichanganywa na wenye ukoma. Mwaka 1841 ndipo daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha waziwazi magonjwa hayo mawili. Na hata ukoma wenyewe leo unatibika kwa dawa zinazotolewa bure. Lakini kumbuka mpangilio wa mambo katika Mathayo sura ya 8. Mwenye ukoma alimjia Yesu, naye Bwana akanyoosha mkono akamgusa. Utakaso ulifuata baada ya kuguswa. Mimi nilisubiri utakaso kwanza ndipo nitoe mkono.

Mtume Paulo analiita kanisa mwili wenye viungo vingi. Kama ni mwili, basi nao una walinzi wake: wachungaji, wazee wa kanisa, mama wa malezi, walimu wa Jumapili. Tunawahitaji. Wapo wanaoiba sadaka, wapo wanaowadhuru watoto, wapo wanaofundisha uongo kwa jina la Bwana, na hao wanatakiwa kupigiwa filimbi. Siombi kanisa lisilo na walinzi. Katika nchi hii tumezika wengi, tunajua mwili usio na kinga unavyokuwa. Hata dawa mpya za soriasisi, ambazo bei yake bado ni mzigo kwa wengi, hulenga ishara moja tu kati ya nyingi na kuwaacha walinzi wengine waendelee na kazi yao.

Ninachosema ni kwamba mlinzi asiyemtambua mwenye nyumba ni ugonjwa. Nasi tunao ugonjwa huo. Binti akipata mimba nje ya ndoa, filimbi. Mjane akikosa mchango, filimbi. Mwenye mabaka akikaa benchi la mbele, filimbi. Wakati huohuo yule mwenye gari jipya anayemnyonya mfanyakazi wake wa ndani tunamkaribisha aongoze harambee. Tuna ukali wa kutosha, ila tumeuelekeza kwa viungo vyetu wenyewe, na kwa kawaida vile visivyoweza kujitetea.

Basi nikuombe mambo machache ya kufanya. Usipime ugonjwa ukiwa umekaa kwenye benchi. Mabaka si lazima yawe fangasi, wala si ushahidi wa kurogwa wala wa UKIMWI. Kwenye ngozi nyeusi soriasisi huenda isiwe nyekundu kama picha za vitabuni, huonekana ya zambarau au kahawia iliyokolea, na ni rahisi kukosewa. Mwelekeze mtu hospitali. Moshi, katika hospitali ya KCMC ambayo mizizi yake imo katika kazi ya kanisa, kipo kituo kilichoanza mwaka 1992 kuwafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kama viungo vya mifupa vinavimba au kukakamaa asubuhi, amwambie daktari, maana walinzi haohao hushambulia pia viungo.

Usimpe mgonjwa ushauri wa kumeza vidonge au kuchomwa sindano za steroidi kwa kununua tu dukani. Hutuliza haraka, na zikikatishwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali wa kutisha. Wala usimwambie atupe dawa za daktari ili kuonyesha imani. Mwombee, lakini usimchimbe ili upate dhambi iliyomletea ugonjwa. Wanafunzi walijaribu hilo kwa kipofu katika Yohana sura ya 9, na Bwana akalikataa swali lenyewe.

Nawe mchungaji, dakika 2 za matangazo zinatosha. Sema mbele ya watu wote kwamba ugonjwa huu hauambukizi, kisha uwe wa kwanza kutoa mkono. Kondoo humtazama mchungaji anakoweka mikono yake. Mimi ni shahidi.

Nilikuahidi kukueleza tulivyokutana. Ilikuwa stendi ya mabasi, miaka 3 baada ya kutoweka kwake. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. "Shikamoo mzee," aliniambia, mikono yake ikiwa ndani ya khanga. Niliitikia marahaba, nikanyoosha mkono wangu. Aliutazama kwanza. Alikaa hivyo kwa muda, nami nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kisha akautoa mkono wake, mkavu na wa moto kidogo, akanipa.

Aliniambia alikwenda Moshi, akapewa jina la ugonjwa na dawa ya kupaka, na siku hizi analala usiku. Nilimwomba msamaha pale pale, watu wakipita na mizigo yao. Alisema amenisamehe zamani. Nilipomwuliza kama atarudi kwenye kwaya, alijibu kwa upole, "Mzee, nimezoea kusali nyumbani." Basi lake likafika, akapanda.

Msamaha nimeupata. Sauti ile ya pili hatujaipata tena, na sina wa kumlaumu isipokuwa mlinzi aliyekuwa zamu siku ile.

Leo ukitoka ibadani mstari utapangwa kama kawaida. Huenda mbele yako atasimama mtu aliyevuta mikono ya shati mpaka kwenye vidole ili asikupe shida ya kumgusa. Nyoosha mkono wako wewe kwanza.

Nakutakia Jumapili njema.