Daftari la Ardhi na Lugha ya Mwenye Ardhi: Mipaka ya Bungoma na Trans Nzoia

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imetumika mno kuwaasa wafanyabiashara, lakini hapana mali inayoistahiki zaidi kuliko ardhi. Shamba halibebeki wala halifichiki. Kinachouzwa, kinachorithiwa na kinachogombaniwa kwa hakika ni maandishi yanayolieleza. Je, itakuwaje iwapo daftari lipo na limehifadhiwa vyema katika ofisi ya msajili, ila mwenye mali hawezi kulisoma? Makala haya yanatoa hoja kwamba maandishi ya ardhi katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia yanapaswa kupatikana kwa Kiswahili, na kwamba jukumu la kuandaa istilahi zake linawaangukia wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kijiografia, kaunti hizi mbili ni pacha. Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, unazitazama zote. Mto Nzoia unashuka kutoka milima ya Cherangani, unapita kati ya mashamba ya mahindi na miwa, kisha unaelekea Ziwa Viktoria. Udongo ni wenye rutuba na mvua ni ya kutegemewa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Watu wengi kiasi hicho wanaoishi kwa kulima hawana budi kujali kila hatua ya mpaka.

Hata hivyo, mistari iliyochorwa juu ya ardhi hii haijawahi kutulia. Bungoma ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, ambayo baadaye iliitwa Nyanza Kaskazini. Mwaka 1956 ilimegwa na kuingizwa katika wilaya mpya ya Elgon Nyanza, nayo wilaya hiyo ikagawanywa mwaka 1963 kuwa Bungoma na Busia. Trans Nzoia, kwa upande wake, ilitengewa walowezi wa Kizungu, na wengi wao walifika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Tume ya Mipaka ya Majimbo ilipofanya kazi yake mwaka 1962, swali la Kitale iwe upande gani lilikuwa miongoni mwa yaliyozua ubishi mkali. Hatimaye Bungoma iliwekwa katika Mkoa wa Magharibi na Trans Nzoia katika Bonde la Ufa. Mwaka 1993 Mlima Elgon ulipewa wilaya yake, lakini Katiba ya mwaka 2010 ilipounda kaunti 47 kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa kisheria mwaka 1992, eneo hilo lilirejeshwa Bungoma.

Leo hii shamba moja lina anwani kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mwakilishi wa bunge la kaunti, lipo katika wadi. Bungoma ina wadi 45 na Trans Nzoia 25. Kwa chifu, lipo katika lokesheni, ambayo wengine huiita kata, ingawa nchini Tanzania neno kata ndilo hutumiwa kwa kile ambacho Mkenya hukiita wadi. Kwa mbunge, lipo katika eneo bunge. Neno kaunti lenyewe lina mshindani, kwani wanahabari wengi wamelikumbatia neno gatuzi ilhali wananchi wanaendelea kusema kaunti. Katika mfumo huu wa tabaka juu ya tabaka, msamiati haujatulia, na pale msamiati usipotulia maelewano nayo huwa mashakani.

Tabaka lisilojulikana sana, na ambalo ndilo lenye nguvu zaidi, ni lile la usajili. Mkazi wa viunga vya Kibabii akiifungua hatimiliki yake huenda akakuta maneno East Bukusu/South Kanduyi, kisha nambari. Mwenzake wa upande wa Webuye atakuta Ndivisi/Muchi. Hakuna chifu wa East Bukusu leo, wala diwani wake. Majina hayo ni mabaki ya lokesheni za zamani, ambazo ndizo zilizotumiwa wakati ardhi ya wenyeji ilipopimwa na kuandikishwa chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968. Utawala ulihama, hati zikabaki.

Jambo hili si la Kenya pekee. Jimbo la New South Wales nchini Australia limegawanywa katika kaunti 141, na kila kaunti katika parokia. Kaunti ya kwanza, Cumberland, ilitangazwa mwaka 1788. Kaunti hizo hazina gavana wala bunge, na serikali za mitaa huendeshwa kwa mipaka mingine kabisa. Kazi yake ni kutambulisha viwanja katika hati na ramani. Ulinganisho huu una nasaba. Mwaka 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens alisimamia sheria iliyolifanya daftari la serikali kuwa ndilo ushahidi mkuu wa umiliki. Sheria ya Usajili wa Hati iliyotungwa nchini Kenya mwaka 1919 ilifuata mfumo huo, nayo ndiyo iliyotumika katika mashamba mengi ya walowezi.

Kwa sababu hiyo Trans Nzoia ilirithi daftari tofauti na la jirani yake. Mashamba makubwa ya walowezi yalitambulishwa kwa nambari kavu na ramani zilizopimwa kwa vipimo kamili. Baada ya uhuru, mengine yaligeuzwa kuwa miradi ya makazi, mengine yakakabidhiwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo lililoundwa mwaka 1965, na mengi yakanunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wakulima waliochanga fedha. Wanachama wengi wa vyama hivyo waliishi miaka mingi wakiwa na vyeti vya hisa tu, huku hati mama ikibaki kwa jina la kampuni. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilikusudia kuunganisha mifumo hii, na amri ya mwaka 2017 ikaweka utaratibu wa maeneo mapya ya usajili. Muungano wa sheria, hata hivyo, haujaleta muungano wa mwenye shamba na hati yake, kwa maana hati yenyewe ingali katika Kiingereza.

Majina ya mahali yanadhihirisha jinsi lugha ilivyotumiwa kumiliki. Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Ni jina la mtu aliyesimama Uasin Gishu akitazama upande wa pili wa mto; kwa Msabaoti aliyekuwa akilisha mifugo yake huko, hapakuwa ng'ambo kamwe. Webuye iliitwa Broderick Falls, na Moi's Bridge ikaitwa Hoey's Bridge. Kwa upande mwingine, wadi za Bidii na Makutano huko Trans Nzoia zinathibitisha kwamba wananchi wenyewe walipopata nafasi ya kuita, walikimbilia Kiswahili, lugha iliyowakutanisha Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Kubadilisha vibao vya barabarani ni jambo jema, lakini ni jepesi. Gumu ni kubadilisha lugha ya daftari.

Uzito wa suala hili unaonekana katika msamiati wa sheria yenyewe. Kuna namna mbili za watu wawili kumiliki shamba moja. Katika namna ya kwanza, mmoja akifariki, fungu lake humwendea mwenzake aliyesalia. Katika namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na akifariki fungu hilo huwaendea warithi wake. Kwa Kiswahili cha kila siku namna zote mbili huitwa kumiliki pamoja. Mjane anayeambiwa na karani kwamba yeye na marehemu "walimiliki pamoja" hajaambiwa lolote la kumfaa. Huenda shamba zima ni lake, au ni nusu tu. Tofauti hiyo imefichwa ndani ya maneno machache ya Kiingereza.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno yanayozuia shamba lisiuzwe. Sheria ya mwaka 2012 inatambua zuio linalotolewa na mahakama, lile linalowekwa na msajili mwenyewe, na tahadhari inayoandikishwa na mtu anayedai kuwa na haki katika ardhi hiyo. Asili zake ni tofauti, na njia za kuyaondoa ni tofauti pia. Mtaani yote huitwa kusimamisha shamba. Mwananchi asiyejua ni lipi limeandikwa dhidi yake hatajua aende wapi: kortini, kwa msajili au kwa nduguye aliyeandikisha malalamiko.

Mipaka nayo ina siri yake. Katika sehemu kubwa ya Bungoma, ramani ya usajili inaonyesha mpaka kwa makadirio, wala haidai kuonyesha mahali hasa mstari unapopita. Ua la mnyaa, safu ya mkonge au mtaro uliochimbwa na mababu vina uzito wake. Sheria inataka ugomvi wa mpaka wa aina hii usikilizwe kwanza na msajili kabla ya kufika mahakamani. Ni wakulima wangapi wanaolijua hilo? Wapo wanaouza ng'ombe ili kumlipa wakili, kisha kesi inaondolewa kwa kuwa ilifunguliwa mahali pasipofaa. Maarifa ambayo yangetosha kuandikwa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili yanageuka kuwa bidhaa ya kununuliwa kwa bei ghali.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya karatasi tu. Mradi wa makazi wa Chebyuk katika Mlima Elgon ulianza mwaka 1971, ukapitia awamu tatu za ugawaji, na kila awamu ikaacha wenye vipande na waliokosa. Kuanzia mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force lilishika silaha. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakahama, hata jeshi la Kenya likaingizwa huko mwezi Machi 2008, nalo pia likashutumiwa kwa kuwatesa raia. Ingekuwa kosa kudai kwamba lugha ndiyo iliyozua vita hivyo. Siasa, ukosefu wa ardhi na ahadi zilizovunjwa ndizo zilizotangulia. Hata hivyo, orodha za ugawaji zisipoeleweka na watu walioandikwa ndani yake, uvumi huziba pengo, na uvumi juu ya ardhi huua.

Watakuwapo wa kupinga. Wa kwanza watasema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Jibu liko Tanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, na mwanakijiji huipata katika lugha anayoisema. Mwaka 2021 nchi hiyo ikaendelea mbele kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Istilahi huzaliwa kwa kutumiwa, hazingojewi zidondoke kutoka mbinguni. Wa pili watahofia kwamba matini mbili zitapingana na kuzua kesi mpya. Hofu hii ina mashiko, lakini dawa yake ni kutamka wazi ni matini ipi itakayotangulia pindi zikitofautiana. Haiwi sababu ya kumnyima mwananchi ile ya pili. Wa tatu watauliza kwa nini isiwe Lubukusu au Kisabaoti. Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka serikali iziendeleze lugha hizo pia, na majina ya mahali yanapaswa kuandikwa kama wenyeji wanavyoyatamka. Hata hivyo, ofisi ya ardhi ya Kitale inamhudumia kila kabila, na ibara hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Anayedai hati kwa Kiswahili anadai kile ambacho Katiba ilikwisha kumpa mwaka 2010.

Yapo mambo matatu yanayoweza kuanza bila kungoja sheria mpya. Mosi, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya eneo hili, Kibabii ikiwa mstari wa mbele, ziandae faharasa ya istilahi za ardhi kwa kushirikiana na wasajili, wapimaji na mawakili. Maneno kama tahadhari, zuio na umiliki wa mafungu yajaribiwe kwa wananchi kabla ya kupitishwa. Pili, kila hatimiliki inayotolewa iambatishwe ukurasa wa maelezo kwa Kiswahili, unaosema shamba liko wapi, mpaka wake ni wa aina gani, na ni nani anayemiliki kwa masharti gani. Tatu, kumbukumbu za bodi za udhibiti wa ardhi ziandikwe katika lugha iliyotumiwa katika kikao. Si haki mama aulizwe kwa Kiswahili kama ameridhia shamba kuuzwa, kisha jibu lake lihifadhiwe katika Kiingereza asichoweza kukihakiki. Hata jukwaa la kidijitali la Ardhisasa, lililozinduliwa mwaka 2021, limepewa jina la Kiswahili. Ni vyema kila kilichomo nacho kifuate jina.

Tahakiki ya riwaya na ushairi ina nafasi yake katika masomo ya Kiswahili, na hapana anayetaka iachwe. Lakini lugha inayosifiwa madarasani na kufungiwa mlango katika ofisi ya ardhi ni lugha ya wageni wa heshima, haijawa ya wenye nyumba. Maelfu ya familia kutoka Chepchoina hadi Bumula zinaweka hatimiliki zao ndani ya masanduku, zimefungwa kwa nailoni zisilowe, na hazijapata kusomwa na wenyewe. Siku zitakaposomeka, daftari litakuwa limeanza kuilinda mali.