Lambo ni lako, je, walio chini yake?

Ndugu mkulima, hapa Nachingwea na Ruangwa nasikia mara nyingi: "Lambo langu ni dogo, halina hatari." Sikubaliani. Daraja la hatari la bwawa halitokani na ukubwa wa tuta peke yake. Huangaliwa pia kilicho chini yake: nyumba, shule, barabara. Tuta imara nalo linaweza kupewa daraja la juu.

Kumbuka Solai, Nakuru, nchini Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kipindi cha mvua kubwa, bwawa la Patel, mali ya shamba binafsi, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Mamlaka ya maji ya huko ilisema halikuwa na kibali.

Kwa hiyo, kabla mvua hazijaanza:

- Safisha utoro wa maji, yaani njia ya maji yanayozidi. Usiuzibe ili upate maji mengi.
- Kata miti kwenye tuta ikiwa bado midogo, na ziba mashimo ya wanyama.
- Ukiona maji yanavuja yakiwa na tope, waondoe watu bondeni kwanza, kisha mwite mtendaji wa kijiji.
- Fuata kibali Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Nawe mfanyabiashara, usijenge kibanda kwenye mkondo chini ya lambo. Gharama ya kukagua tuta ni ya mwenye lambo, siyo ya jirani anayelala bondeni.