Logo ya korosho na maneno ya "hii inakuzwa bila mwisho"

Wafanyabiashara wenzangu, msimu wa korosho ukikaribia, kuanzia huku Masasi mpaka Newala kila mtu anataka bango. Hela ikinusa ndo tunakumbuka kujitangaza, si ndiyo? Basi kabla hujamlipa anayekuchorea logo, soma hapa.

JPG ni vidoti. Ukiivuta iwe bango, vidoti vinavimba. Hilo wengi tunalijua. Vekta ni kitu kingine, ndani yake kuna namba tu: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale. Kompyuta inachora upya kila ukikuza, ndo maana mafundi wanakwambia inakuzwa bila mwisho.

Mimi naona hapo tunadanganyana kidogo, maana namba nazo zinakatwa. Chukua logo iliyochorwa kwenye uwanja wa vipimo 24 kwa 24, ikahifadhiwa kwa desimali moja tu ili faili liwe jepesi. Kwenye pakiti ya korosho, logo ina upana wa sentimita 4.8. Sehemu moja ya kumi ya kipimo ni milimita 0.2, nani ataona? Sasa ipeleke kwenye bango, iwe na upana wa mita 2.4. Sehemu ileile imekuwa sentimita nzima! Kila pointi ya mchoro inaweza kusogea hadi nusu sentimita. Mgongo wa korosho unaota vinundu, duara linakuwa kama andazi, na bango limeshachapwa.

Ingehifadhiwa kwa desimali tatu, ingekuwa milimita 0.1. Mpita njia hawezi kuona. Na namba ikishakatwa hairudi, hata ulifungue faili kwenye kompyuta ya bei mbaya.

Kwa hiyo dai faili la asili, lile alilochorea mwenyewe, siyo lililopunguzwa kwa ajili ya mtandao. Wapo wanaosema hilo ni mali ya fundi. Sikubaliani nao, ila mpatane kabla hela haijatoka mfukoni.

Halafu kuna ujanja wa kuchomeka JPG ndani ya PDF na kuiita vekta. Ifungue, kuza ukingo wa herufi moja. Ukiona vidoti, umeuziwa picha. Hauhitaji programu ya kununua, Inkscape ni ya bure na SVG inafunguka humo. Akikutumia kwa WhatsApp, mwambie atume kama dokumenti, asitume kama picha.